Mania iliyopitiliza miaka miwili: mbona kwenye faili inageuka kuwa skizofrenia?

Muuguzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho.

Nina miaka 14 kwenye wodi za afya ya akili, mingi nikiwa zamu za usiku. Kuna mgonjwa mmoja ananiumiza roho kuliko wengine wote na sijaona akizungumzwa humu: mwenye mania isiyoshuka, yaani ule msisimko wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi.

Mgonjwa wa mania wa kawaida wengi mnamjua. Analetwa na ndugu wanne, sauti imekauka kwa kuongea, siku ya tano hajalala, kagawa saruji ya msingi wa nyumba yake kwa majirani, anasema kaoteshwa kuiongoza nchi. Anaanza dawa, baada ya wiki kadhaa anashuka, anaona aibu, anaomba simu ampigie mkewe. Ila yupo mwingine, hashuki. Miezi sita inapita, mwaka unapita, wa pili unaingia. Makali yanapungua kidogo, analala masaa manne badala ya mawili, wodi nzima inamzoea. Hatari inaanzia hapo, kwa sababu akishazoeleka, ugonjwa wake unabadilishwa jina kwenye faili bila mtu kumchunguza upya.

Vitabu tunavyotumia vinachangia. DSM-5 ya mwaka 2013, kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, inataka mania idumu angalau wiki moja, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, au muda wowote ule kama hali imelazimu mtu alazwe. Sakafu ipo. Dari haipo. Sonona (huzuni nzito ya ugonjwa) ikipita miaka miwili ina jina lake, na hata ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, ina nafasi ya kuandika kwamba sonona ya sasa imekuwa ya kudumu. Mania ikipita miaka miwili haina pa kuandikwa. Inabaki "bipola aina ya kwanza, kipindi cha sasa mania" (bipola ni ugonjwa wa hisia kupanda kwenye mania na kushuka kwenye sonona), sawasawa na ya yule aliyeugua wiki mbili zilizopita. Halafu maelezo ya ICD-10, toleo la kabla yake, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyosomea, yalisema kipindi cha mania kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi miezi 4 au 5. Mwanafunzi akishaimeza hiyo, mgonjwa wa mwezi wa 20 anaonekana hawezi kuwa na mania, lazima awe na kitu kingine. Na hicho kitu kingine, mara nyingi, ni skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kushikilia mambo yasiyo ya kweli.

Ninachosema mimi: urefu wa muda peke yake haugeuzi mania kuwa skizofrenia. Anayetuonyesha hivyo vizuri ni mgonjwa mmoja wa Australia.

Mwaka 1948, daktari John Cade alikuwa kwenye hospitali ya maveterani ya Bundoora, Melbourne. Alikuwa ametoka kwenye vita ambako alishikwa mateka na Wajapani huko Changi, Singapore. Alikuwa na wazo kwamba mania inatokana na sumu fulani mwilini, akawa anawachoma panya wa Guinea mkojo wa wagonjwa, kisha chumvi za lithiamu. Panya wakatulia. Mwenyewe akainywa kwanza kuona kama ina madhara, halafu tarehe 29 Machi 1948 akampa mgonjwa wake wa kwanza. Huyo alikuwa mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa kwenye mania kwa miaka mitano mfululizo. Mchafu, mharibifu, msumbufu kuliko wote wodini. Kwa mazoea ya wengi alikuwa mtu wa kukata tamaa naye. Ndani ya wiki chache alihamishiwa wodi ya wanaopata nafuu, na Julai mwaka huohuo alikwenda nyumbani, akarudi kwenye kazi yake.

Miaka mitano, wakuu. Kisha akarudi kazini.

Sitawaficha mwisho wake. Aliacha dawa, mania ikarudi, akalazwa tena, na mwaka 1950 akafariki kwa sumu ya lithiamu, maana enzi hizo kiwango cha dawa kwenye damu hakikuwa kinapimwa. Vyote viwili lazima visimuliwe pamoja.

Ripoti ya Cade ilitoka Septemba 1949 kwenye jarida la madaktari la Australia. Ilikuwa na wagonjwa 10 wa mania, 6 wa skizofrenia na 3 wa sonona. Wa skizofrenia walipungua fujo, ila ugonjwa wenyewe uliendelea kama kawaida. Wa mania walipata nafuu kubwa ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye faili ndilo lililoamua nani angefaidika na dawa ile. Ndiyo maana nalishikia bango.

Naomba michango. Hasa wenye ndugu wa namna hii.

Mama Shani

Shikamoo dada muuguzi. Nimesoma mara tatu, nimelia.

Kaka yangu ni seremala, sisi ni wa Tanga. Alianza Ramadhani ya mwaka juzi. Tulidhani ni furaha ya kupata tenda ya milango ya shule. Akawa halali, anapiga randa saa nane usiku, majirani wanalalamika. Akakopa mbao kwa watu watatu, akasema anafungua kiwanda. Tukampeleka, akalazwa mwezi mmoja, akatoka kapungua kidogo. Mpaka leo hajawahi kuwa yule kaka yetu. Anaongea bila kituo, anaanza vitu kumi, anagombana na wateja, anasema yeye ndiye atakayewafundisha Wachina useremala. Analala masaa matatu au manne. Kwenye kadi yake mara ya kwanza waliandika bipola. Mwaka jana hospitali nyingine daktari alimwangalia dakika tano, akasema muda umekuwa mrefu, hii sasa ni skizofrenia, akamwandikia sindano ya kila mwezi. Tangu hapo mikono inatetemeka, hawezi kushika patasi. Ila maneno hayajapungua.

Swali langu: nitajuaje kama ni mania ile ile moja au zimekuja nyingi? Maana kuna wiki anakuwa nafuu kabisa.

Muuguzi wa Zamu

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Umeuliza swali ambalo hata sisi wodini tunalikosea.

Kwa hesabu ya DSM, ili tuseme kipindi kimoja kimekwisha na kingine kimeanza, lazima kati yao ipite miezi miwili ya nafuu, au ageukie upande wa pili, yaani aingie kwenye sonona. Wiki mbili za utulivu hazitoshi. Ni kama mvua za masika: ikikatika siku tatu husemi kiangazi kimeingia. Kama kaka yako tangu Ramadhani ile hajawahi kupata miezi miwili mfululizo ya kuwa yeye mwenyewe, basi ni mania moja. Kama angekuwa anapanda na kushuka mara nne au zaidi ndani ya mwaka, huo ni mzunguko wa haraka, na mpango wake wa dawa ni tofauti.

Fanya hivi. Chukua kalenda za ukutani za mwaka juzi, mwaka jana na mwaka huu. Kaa na shemeji na mtu wa karakana. Kila mwezi andikeni tatu tu: alilala masaa mangapi, aligombana na nani, alinunua nini kisichohitajika. Msikumbuke kwa tarehe, kumbukeni kwa matukio: msiba wa fulani, Idi, siku ya kufungua shule. Emil Kraepelin, daktari wa akili kule Ujerumani, alichora maisha ya wagonjwa wake kwa namna hiyo, na ndiko alikopata kutenganisha ugonjwa wa mania na sonona na ule ambao leo tunauita skizofrenia, kwenye kitabu chake cha 1899.

Kidogo kuhusu huyo mzee, maana hapa ndipo kosa letu lilipozaliwa. Kipimo chake kikubwa kilikuwa mwenendo: anayeugua akapona akaugua tena, upande huu, anayeugua moja kwa moja na kuporomoka, upande ule. Ulikuwa mgawanyo wenye nguvu sana. Ila waliomfuata waliubana, ikawa chochote kisichopona kinasukumwa upande ule. Wakati yeye mwenyewe aliandika kwamba zipo mania zinazokwenda miaka. Hicho kipande kilisahaulika.

Na orodhesha dawa ZOTE anazotumia, siyo za akili tu. Za tumbo, za kichwa, za miti shamba, zote.

Tabibu Mstaafu

Dada muuguzi, nakuheshimu na kazi yako naijua ilivyo ngumu, lakini naomba nikupinge kidogo kwa faida ya wasomaji.

Nimefanya kazi hii tangu wakati wa DSM-III. Mania ya miaka mitatu ni adimu. Ukiona mtu anaongea sana, anajiona mkubwa na halali vizuri kwa miaka mitatu, cha kwanza cha kufikiria ni kwamba umekosa kitu: skizoafektivu (mchanganyiko wa dalili za skizofrenia na za hisia), ugonjwa wa ubongo, au dawa hazinywewi. Tukianza kuwapa watu jina la "mania sugu" tutafunga uchunguzi mapema, kosa lile lile unalolilalamikia kwa skizofrenia.

Skizoafektivu ina sharti lake. Kwa DSM-5, lazima pawepo angalau wiki mbili za kusikia sauti au kushikilia mambo yasiyo ya kweli wakati hisia ziko sawa, na mabadiliko ya hisia yachukue sehemu kubwa ya muda wote wa ugonjwa. Je, huyu seremala aliwahi kuulizwa hilo?

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo daktari. Umenikosoa mahali sahihi, nashukuru. Kweli "sugu" haipaswi kuandikwa siku ya kwanza. Ni neno la kuandika baada ya kazi, kazi ikishafanyika.

Ila kuhusu uadimu, niseme kidogo. Mwaka 1998 Waitaliano wakiongozwa na Giulio Perugi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 155 wa mania, na karibu asilimia 13 walikuwa wamezidi miaka miwili bila nafuu. Ni hospitali ya rufaa, inapokea wagumu, kwa hiyo mtaani watakuwa wachache zaidi. Kilichonigusa ni sura yao. Usingizi haukuvurugika kama wa wenzao, purukushani zilikuwa pungufu, ila kujikweza kulikuwa kwingi. Yaani mania ikikaa muda mrefu inapoteza zile alama zinazopiga kelele, anabaki mtu mwenye imani kubwa kuhusu nafsi yake. Daktari aliyemkuta leo, asiyejua alivyoanza, anaona imani hizo zimesimama peke yake. Anaandika skizofrenia kwa nia njema kabisa.

Na hili halijaanza kwetu. Miaka ya 1960 walilinganisha madaktari wa New York na wa London, ripoti ikatoka 1972. New York walikuwa wanaandika skizofrenia kwa wingi kupita kiasi, na watafiti walipowapima wagonjwa wa miji yote miwili kwa kipimo kimoja, tofauti ikapungua sana. Sehemu ya wale wa New York walikuwa na mania tu. Wagonjwa walikuwa wale wale, kalamu ndizo zilizotofautiana.

Tabibu Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye kalamu sina neno. Basi tusaidiane kwa yule dada: vipimo gani vimefanyika?

Mwana wa Likoni

Hamjambo wadau. Mimi si daktari, niko Mombasa. Mjomba wetu alikuwa hivyo karibu mwaka mzima, tukizungushwa kliniki. Kumbe kila jioni alikuwa baraza ya kutafuna muguka, jamii ya miraa, na marafiki, na sisi nyumbani tukimpa vidonge vya kumtuliza. Mchana twashusha, usiku wampandisha. Daktari mmoja mama akatuambia mpelekeni bara kwa shangazi, mbali na baraza ile. Wiki ya tano akawa mtu. Msisahau kuuliza hilo, na muulize marafiki, si yeye.

Muuguzi wa Zamu

Asante sana kaka. Hiyo ni ya dhahabu. Miraa, muguka, bangi, zote zinaweza kuiweka mania juu isishuke.

Daktari kauliza vipimo, nijibu kwa wote. Kabla ya kusema imekuwa sugu: tezi ya shingo (ikifanya kazi kupita kiasi mtu anakuwa kama ana mania, moyo unakimbia, anakonda anakula), kaswende, virusi vya Ukimwi, dawa za jamii ya steroidi, ajali ya kichwa, kifafa. Kwa aliyeanza mara ya kwanza akiwa na miaka 55 au 60, fikirieni ubongo kabla ya bipola. Kuna aina ya upotevu wa akili inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo ambayo mwanzoni inafanana na mania: mtu mstaarabu ghafla hana aibu, anatumia pesa hovyo.

Kuhusu VVU tuna kazi ya hapa hapa kwetu. Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake wa Uganda walilinganisha mania ya kawaida na mania inayoletwa na VVU, ikachapishwa 2006. Wale wa VVU walikuwa na umri mkubwa zaidi, wengi wanawake, wakali zaidi, na kumbukumbu zimedhoofika. Wangeandikiwa bipola tu wakarudi nyumbani, ugonjwa wenyewe ungeendelea kuwamaliza.

Ustadh wa Mtaa

Na mkiwaletea mashekhe, tuambieni pia. Wengi wanakuja kwangu kusomewa kabla ya hospitali, mwaka mzima umepita. Mimi nasoma, na siku hiyo hiyo nawaambia dawa isiachwe. Ila sikujua kwamba niulize alianza lini na kama aliwahi kupoa katikati. Kuanzia sasa nitauliza na kuwaandikia kwenye karatasi waende nayo.

Mfamasia wa Pembeni

Ustadh, Mungu akulipe.

Naongeza la dawa. Nikisikia "dawa zimeshindwa" huwa nauliza: dawa gani, kiasi gani, kwa muda gani, na damu ilipimwa? Lithiamu inahitaji kiwango cha milimoli 0.6 hadi 1.0 hivi kwa lita kwenye damu, kwenye mania kali hupandishwa kidogo zaidi ya hapo, na ikipita 1.5 tunaanza kuogopa sumu. Damu inachukuliwa masaa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Nimeona watu wameandikiwa "lithiamu haikusaidia" na hawajapimwa hata siku moja. Pengine kiwango kilikuwa 0.3 muda wote. Hiyo mania haijawa sugu, haijatibiwa bado.

Na wenye ndugu wanaotumia lithiamu: kuhara, kutapika, jasho jingi la joto la pwani na kutokunywa maji vinaipandisha. Diklofenaki na ibuprofeni vilevile, na hizo watu wananunua dukani kama pipi. Mkono ukianza kutetemeka kwa nguvu, akayumba kama mlevi, maneno yakawa mazito, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda siku hiyo hiyo.

Mama Shani

Nimerudi. Tulikaa na kalenda Jumapili, mimi, shemeji na kijana wake wa karakana. Imetuchukua kutwa. Tumegundua nafuu ndefu kuliko zote ilikuwa siku 19, baada ya msiba wa baba mkubwa. Kwa hiyo ni moja.

Shemeji anasema hajawahi kumsikia akijibizana na sauti, isipokuwa wiki ile ya kwanza kabisa alipokuwa halali kabisa. Na ule ukubwa wake unapanda na kushuka pamoja na usingizi. Akilala masaa matano anapunguza habari za Wachina.

Dawa zote nimeziandika. Nawawekea: sindano ya mwezi, vidonge vya kuzuia kutetemeka, kabamazepini ya kutuliza hisia (ila anaruka siku), na amitriptilini kila usiku. Hiyo ya mwisho alipewa zahanati ya karibu na nyumbani kwa ajili ya usingizi, hakuna aliyewahi kuisimamisha. Anaitumia tangu mwaka juzi.

Tabibu Mstaafu

Dada yangu, amitriptilini ni dawa ya sonona. Kwa mtu mwenye mania inaweza kuichochea na kuizuia isishuke. Inawezekana kabisa ndiyo kuni zilizokuwa zinawaka chini ya chungu muda wote huu. Sisemi ndiyo yenyewe, sijamwona. Usiisimamishe mwenyewe ghafla, wala usiguse sindano. Beba kalenda, beba pakiti zote za dawa kwenye mfuko, mwombe daktari wa akili akupe nusu saa. Mwambie maneno haya: "Naomba aangaliwe upya tangu mwanzo." Na omba kipimo cha tezi, cha figo, na damu.

Muuguzi wa Zamu

Mama Shani, nimeona neno amitriptilini nikasimama jikoni. Nenda kesho.

Mama Shani

Wapendwa, wiki sita zimepita, samahani kwa ukimya.

Tulimpata daktari dada mmoja kijana. Alipoiona kalenda alivuta kiti. Alikaa nasi karibu saa nzima, akamhoji kaka kwanza peke yake, kisha sisi. Tezi ni nzuri, kaswende hakuna, VVU hakuna, figo nzuri. Amitriptilini ameipunguza taratibu mpaka imekwisha. Sindano ameisimamisha, akaweka olanzapini, kidonge cha kushusha mania, usiku na lithiamu, damu imepimwa mara mbili, ya mwisho 0.8. Kwenye kadi amekata ile skizofrenia kwa mstari mmoja, akaandika bipola aina ya kwanza, na chini yake kwa mkono: "mania endelevu, takriban miezi 30, muda huo akitumia pia dawa ya sonona." Nilimuuliza kama kitabu kina hayo maneno. Akasema hapana, ila atakayeisoma kadi baada yake anatakiwa ayajue.

Hajapona. Bado ana haraka, bado ana deni la mbao. Ila jana amelala masaa sita, na asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kigoda karakana, anaunoa ule ubapa wa randa polepole, mkono umetulia. Akaniuliza, "Hivi wale watu wa mbao, nawadai au wananidai?"

Nikamwambia wanakudai kaka. Akasema tutawalipa.